Mume Wangu, Bwana Haina Shida

Mume wangu anapendwa. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu, maana huku Mahongole wapo wanaodai kwamba mimi Rosemary nilimwonea wivu mume wangu, eti mke gani anampinga mumewe hadharani. Thubutu! Wivu wa nini? Mimi ndiye niliyetangulia kumpenda, miaka kumi na tisa kabla ya hao waliokuja na vigelegele vyao.

Silvesta Mwalongo ni mtu ambaye ukifiwa saa mbili asubuhi, saa tatu yuko kwako na sepetu begani. Amechimba makaburi ya ndugu na ya wasio ndugu. Mgonjwa akizidiwa, pikipiki ya Silvesta ndiyo gari la wagonjwa. Harusi ikikosa msemaji, anashika kipaza sauti na watu wanacheka mpaka wanasahau kwamba wali umechelewa. Sisi ni Wakatoliki, lakini hata Walutheri wakiwa na sikukuu ya mavuno humwita yeye anadi kuku na magunia ya viazi, kwa sababu kuku akinadiwa na Silvesta, watu hawaoni uchungu kumpandia bei.

Na neno lake ni moja: "Haina shida." Ukimwomba jembe, haina shida. Ukimwomba akusemee kwa mtendaji, haina shida. Watoto wakiiona pikipiki yake wanaanza wao, "Haina shidaaa!" naye anawapigia honi. Mama yake, Mungu amrehemu, alimfundisha kwamba kumkatalia mtu usoni ni sawa na kumfukuza, na somo hilo lilimwingia kuliko yote aliyofundishwa darasani. Kabla ya mambo haya, sikumbuki hata siku moja aliyomwambia mtu hapana.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea sare za shule barazani kwetu, na baridi ya Juni ikija vidole vinakufa ganzi mpaka sindano siisikii. Kazi hii imenifundisha jambo moja: nguo usiisifie kabla hujaigeuza ndani nje. Kwa nje zote zinapendeza.

Sasa nisikilizeni kuhusu bonde, maana hadithi yote iko hapo. Chini ya nyumba zetu kuna bonde lenye maji mwaka mzima. Kiangazi kikikausha milima, sisi kina mama tunashuka kulima vinyungu, yaani matuta ya kule kwenye unyevu: kabichi, maharage, mahindi ya kuchoma. Juu yake ndipo ilipo chemchemi inayolisha bomba la mtaa. Bonde ni la mtaa, si la mtu. Kila mama ana matuta yake, na asiyelima mwaka huu anamwachia mwenzake. Remmy wangu amesoma sekondari kwa kabichi za kinyungu changu, sina aibu kusema.

Na mwenyekiti wa mtaa ndiye mwenye muhuri. Karatasi ya ardhi bila muhuri wake haifiki popote, na ikishagongwa, kuirudisha nyuma ni kesi ya kuzeekea. Haya, muhuri huo mpe mtu asiyejua kusema hapana, halafu nenda kalale kama utapata usingizi.

Mwaka 2024 mwenyekiti wetu wa zamani alisema amechoka. Jumapili moja baada ya Misa, watu kama ishirini wakajaa uani kwangu. Mbele alikuwa Elius, mkulima wa parachichi, rafiki wa Silvesta tangu shule ya msingi. Pembeni yake Bibi Fidelia, mjane, mkubwa wetu kule vinyunguni, ambaye matuta yake yalikuwepo kabla mimi sijaolewa.

"Kaka Silvesta," akasema Elius, "chukua fomu. Chama kikipiga kura za maoni, nani wa kukushinda?"

"Hakuna!" watu wakaitikia.

"Wengi wape," akasema Bibi Fidelia. "Watu wamekutaka, mwanangu, usikatae."

Akatae! Walikuwa wanamwomba samaki asizame. Silvesta akavua kofia, akatabasamu lile tabasamu lililoniponza hata mimi, akasema, "Haina shida."

Walipoondoka nikamfuata jikoni. "Baba Remmy, kazi ya mwenyekiti unaijua?"

"Kusaidia watu. Nimeifanya maisha yangu yote."

"Kazi ya mwenyekiti ni kukatalia watu. Kusaidia hata jirani anasaidia. Hebu sema hapana nikusikie. Haya, naomba yule ng'ombe aliyekuachia baba yako, nikamuuze kesho mnadani."

Akakohoa. Akakuna kichwa. "Sasa Mama Remmy... unataka auzwe asubuhi au mchana?"

"Umejisikia lakini?"

Akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, maana kumkasirikia mtu huyu ni kazi ngumu. Kisha akanisogelea. "Na kile kibanda chako cha cherehani unachokililia kila Juni, tutakiweka pale njia panda, juu ya bonde, panapopita watu wote. Nikishakuwa mwenyekiti, haina shida."

Nikanyamaza. Nikammiminia uji. Sitaficha, moyo ulinilainika, kwa sababu pale njia panda nilikuwa nimepatamani siku nyingi na baraza ilishanichosha. Nikajiambia labda nimemwonea bure mume wangu.

Jumatano ile, fomu ikiwa imeshachukuliwa, Silvesta alikwenda kuchimba kaburi Kitandililo. Sijafika hata katikati ya suruali ya kwanza, Elius akaingia na kapu la parachichi.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene," nikaitikia salamu.

"Mpe kaka hizi, na umwambie nashukuru kwa lile bonde. Miche mia sita iko kitaluni inasubiri tu karatasi."

Sindano ikanichoma kidole. Nikapokea kapu, nilitaka kwanza nisikie mwenyewe Silvesta atasema nini. Haikupita saa, wakaja vijana wanne wanaofyatua tofali. Wao walileta tofali moja la mfano, limechomwa likaiva vizuri, wakaliweka mezani kwa adabu. Mwenyekiti mtarajiwa alikuwa amewaambia udongo wa bondeni wachukue, haina shida. Mchana akaja Bibi Fidelia na kabichi kubwa kichwani.

"Mwambie mwanangu Silvesta Mungu ambariki," akasema. "Ameniahidi bonde halitaguswa hata na kuku wa mtu."

Silvesta aliporudi na udongo wa kaburi viatuni, akakuta mezani parachichi, tofali na kabichi. "Leo ni sikukuu gani?" akauliza.

Nikamweleza. Nilianza polepole, nikamaliza nimesimama. "Bonde ni moja, Baba Remmy! Umewapa watu watatu!"

"Watu wamekuja na shida zao, niwafukuze? Tutakaa, tutaelewana."

"Nani aelewane na nani? Kabichi na tofali?"

Asije mtu akanitafsiri vibaya. Mume wangu si mla rushwa. Zile parachichi aligawia watoto wa jirani zikaisha jioni hiyohiyo. Mla rushwa angeliuza bonde mara moja akanyamaza. Mume wangu alikuwa ameligawa bure mara tatu, kwa moyo mweupe kabisa, na kila aliyepewa alikuwa tayari kumpa kura. Ndivyo umaarufu unavyokua, jamani! Kila mtu anampenda mtu aliyemkubalia, wala haulizi amewakubalia wengine wangapi.

Kesho yake nikajifunga kitenge changu kizuri nikaenda kwa Lightness.

Lightness huyu alikuwa anashika ufunguo wa bomba la mtaa, na watu walimwita Mama Hapana. Bomba linafunguliwa saa kumi na mbili, linafungwa saa nne, basi. Ukichelewa, hapana. Ukiruka foleni, hapana, hata uwe mke wa mchungaji. Mama mkwe wake mwenyewe aliwahi kuja na ndoo mbili za ziada akarudishwa nazo, na ukoo ukaitisha kikao. Salamu yake fupi. Kwenye harusi anakula, anatoa zawadi, anaondoka. Hakuna aliyempenda, na mimi nilikuwa wa kwanza katika hao. Lakini mitaa jirani mabomba yao yalikuwa yameshakufa, na letu lilikuwa na mwaka wa sita halijanyamaza hata siku moja.

Nilimkuta anakaza koki na spana. Nikamwambia, "Dada Lightness, kachukue fomu."

"Ya nini? Watu hawanipendi."

"Hawakupendi, kweli. Ila maji yako wanayanywa."

Akaweka spana chini. "Na wewe unanipenda?"

"Hapana," nikasema, maana kwake huyu uongo ungepotea bure.

Lightness akacheka. Sikuwa najua kama ana mwanya. Akauliza bonde linasemwaje huko mitaani, nikamwambia yote bila kumsitiri mume wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, na mchana akaenda kuchukua fomu.

Weee! Maneno niliyoyasikia! Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema Silvesta ana mwanamke Njombe mjini, kule Mjimwema, na mimi nalipiza. Mteja mmoja alichukua kitambaa chake akapeleka kwa fundi mwingine Makambako sokoni. Hayo niliyameza. Lililonishinda kumeza ni Silvesta mwenyewe, aliyekaa siku mbili anakula ugali bila neno, yeye ambaye hunyamaza akilala tu.

Siku ya tatu akaniuliza, "Kwa hiyo hunitaki?"

"Nakutaka sana. Muhuri wako ndio siutaki."

Akavaa koti akatoka. Niliumia, nisiseme uongo. Nililia kidogo juu ya sare ya mtoto wa watu, kisha nikaipiga pasi isionekane.

Siku ya kura za maoni ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Tulikusanyika uwanjani, wanachama karibu mia mbili. Karatasi za kura zilizoletwa zikawa pungufu, msimamizi akakuna kichwa, akaona njia ni moja: wagombea wasimame mbele, na kila mtu ajipange nyuma ya anayemtaka.

Loo! Mstari wa Silvesta ulitoka uwanjani, ukapita duka la vocha, ukakata kona. Watu walikuwa wanaimba. Nyuma ya Lightness tulikuwa kumi na moja. Mimi nilikuwa wa mwisho, macho ya watu yakinitoboa mgongoni kama pini nilizosahau kwenye nguo.

Mbele kabisa kwenye mstari wa Silvesta alisimama Elius, nyuma yake wale vijana wa tofali, nyuma yao Bibi Fidelia na kina mama wa vinyunguni. Msimamizi akaanza kuhesabu kwa kugusa mabega. Elius, kwa furaha, akashindwa kujizuia.

"Mwenyekiti," akasema kwa sauti, "kesho namleta mpima bondeni!"

"Mpima wa nini?" akauliza Bibi Fidelia.

"Wa shamba langu la parachichi, bibi."

"Shamba lako? Kwenye matuta yangu?"

"Ala! Na sisi udongo wetu?" akadakia kijana wa tofali. "Kaka Silvesta, si ulituambia sisi?"

"Aliniambia mimi!"

"Mimi ndiye aliyeniahidi!"

Nyimbo zikakatika. Mstari ukavunjika pale mbele, watu wakamzunguka, kila mmoja anamwonyesha kidole na kumwita shahidi. "Silvesta, sema! Si ulisema? Sema!"

Silvesta akageuka. Nilimwona uso. Nimekaa na mtu huyu miaka kumi na tisa, nimemwona akizika baba, mama na mtoto wetu wa pili, lakini uso ule sikuwa nimeuona. Alikuwa anawaangalia watu wanaompenda, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza aliwaona wote kwa pamoja. Akafungua mdomo.

"Haina..." akasema, akakwama.

Akanitafuta kwa macho kule nyuma ya ule mstari wetu mfupi. Mimi sikumsaidia. Nilitaka kukimbia nikamshike mkono, lakini nilijizuia. Hilo lilikuwa lake.

"Hapana," akasema Silvesta.

Nadhani wengi walidhani hawakusikia.

"Hapana, Elius. Hapana, vijana wangu. Bonde si langu, sikuwa na haki ya kuwaahidi. Hata wewe, Bibi, nilikuahidi ili ufurahi tu, sikuwa nimewaza nitalilindaje. Nisameheni. Mkitaka kuzikwa, mniite. Mkitaka kuchekeshwa, mniite. Muhuri msinipe, nitawaumiza." Kisha akatoka pale mbele, akatembea akampita msimamizi wetu aliyebaki mkono hewani, akaja kusimama nyuma yangu.

"Sogea kidogo, Mama Remmy," akaninong'oneza. "Nipe nafasi na mimi."

Na hapo ndipo nilipojua jinsi mume wangu anavyopendwa. Bibi Fidelia akajitupia kanga begani, akaja kusimama nyuma yake. Kina mama wakamfuata. Wakafuata wachimba makaburi, wanakwaya, wale wa kwenye kona waliokuwa hawajasikia hata neno moja na wanauliza, "Kwani tunakwenda wapi?" Hata vijana wa tofali walikuja, wamenuna lakini wamekuja. Mstari ukageuka wote. Elius alibaki na watu watano, akisema huo si utaratibu, na msimamizi akamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani, wakati hata hakuwa mgombea.

Mnaona kichekesho? Lightness alishinda kwa kura za Silvesta. Wengi wao hawakumfuata kwa sababu wamefikiri, walimfuata kwa sababu wanampenda. Kwa hiyo sisemi kupendwa ni kitu kibaya. Kupendwa kunakusanya watu. Ila watu wakishakusanyika lazima awepo mtu wa kuwaambia hapana, na huyo mara nyingi humkuti katikati ya vigelegele.

Novemba Lightness akapita, sasa kwa sanduku la kura. Bonde likabaki la mtaa. Elius akapata shamba lingine juu mlimani, na parachichi zake zinaendelea vizuri, na salamu tumerudishiana. Silvesta, baada ya ile siku ya uwanjani, alilala siku mbili kama mgonjwa, kisha kukawa na msiba, akachukua sepetu.

Januari, mvua ikiwa imechanganya, nikaandika karatasi yangu ya kibanda cha cherehani pale njia panda. Nikaenda ofisini kwa Lightness nikiwa nimejaa kujiamini. Nani angenikatalia mimi? Lightness akavaa buti, tukaenda naye mpaka pale, akazunguka, akatazama maji ya mvua yanavyoteremka.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Maji ya kuingia kwenye chemchemi yanapita hapahapa. Ukiweka msingi, mtaa utakunywa tope."

"Lightness! Ni hatua tatu tu! Na mimi ndiye niliyekuja kukutoa kwenye koki yako nikakuambia uchukue fomu!"

"Najua, dada. Asante sana. Hapana."

Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu. Mama Hapana! Mtu hana shukrani hata ya kuokoteza! Silvesta alikuwa barazani anafuta pikipiki. Nikamwaga yote, mkono mmoja kiunoni. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaanza kucheka chinichini.

"Nyani," akasema, "haoni..."

"Malizia uone!"

Hakumalizia. Akaingia ndani akatoka na lile tofali la mfano, lililokuwa linazuia mlango tangu siku ile, akaliweka ukingoni mwa baraza, upande unakotoka upepo. Akalisogeza likakaa sawa. "Hapa nitakujengea ukuta wa kukinga baridi," akasema. "Hapa ni kwetu."

Nikalitazama tofali. Nikazikumbuka parachichi, na kabichi ya Bibi Fidelia. Nikakumbuka na uji niliommiminia jikoni siku ile, nimenyamaza, moyo umelainika. Kumbe bonde halikugawiwa mara tatu. Liligawiwa mara nne, na wa nne nilikuwa mimi.

"Baba Remmy," nikamuuliza, "ungekuwa wewe ndiye mwenyekiti, ile karatasi yangu ungeigonga muhuri?"

"Wewe tena? Haina shida."

"Basi," nikamwambia, nikavuta kiti changu mbele ya cherehani, "ndiyo maana nilisimama kwenye mstari mfupi."